DJ WA LAKI NA ISHIRINI ALIVYONIFUNDISHA KUPANGA BEI

Leo sizungumzii kitenge wala mzigo wa Kariakoo. Leo nazungumzia DJ wa harusi. Najua utasema sisi tunauza nguo, viatu, mafuta ya alizeti na vyombo, DJ anatuhusu nini? Soma mpaka mwisho. Kwanza, hakuna mtu humu ambaye hajawahi kuwekwa kwenye kamati ya harusi. Pili, hesabu ya DJ ni hesabu yako wewe unayeuza mtandaoni, ila yake inasikika zaidi ikiharibika.

Kwa wageni kwenye ukurasa huu, mimi nina duka dogo la vitenge na vitambaa vya sare hapa Singida mjini. Nauza dukani na nauza kwa simu. Nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia humu humu kwenye biashara, kwa hiyo mengi ninayoandika yameshanigharimu.

STORI YENYEWE

Mwaka juzi dada yangu aliolewa. Upande wetu tulikuwa na kazi ya sendoff. Kamati ikakaa, baba mdogo akawa mwenyekiti, na kwa vile mimi nauza sare na najuana na watu wa sherehe, nikapewa kitengo cha mapambo na muziki. Bajeti nzima ilikuwa milioni 8, wageni 250.

Nikamtafuta DJ mmoja ambaye nimemuona kwenye sherehe nyingi hapa mjini. Akaniambia laki tatu na nusu. Nikashtuka. Nikamjibu kama wateja wangu wanavyonijibu mimi: "Kaka, yaani laki tatu na nusu kwa kubonyeza nyimbo tu? Punguza bwana, tuna hali ngumu." Akasema anaweza kushuka kidogo kama tutatoa taa, ila chini ya laki tatu hawezi. Nikamwambia nitakutafuta. Sikumtafuta.

Nikapata kijana mwingine, laki moja na ishirini. Siku ya kikao nikasimama nikatangaza kwamba nimeokoa laki mbili na elfu thelathini. Wajumbe wakapiga makofi. Baba mdogo akasema, "Huyu ndiye mfanyabiashara."

Siku ya sherehe tulimwambia afike saa nane mchana. Alifika saa kumi na moja na nusu, wageni wameshaanza kukaa. Spika mbili, maiki moja ya waya. Nyimbo alikuwa anazivuta mtandaoni kwa simu. Dada anaingia, watu wamesimama, wanapunga vitambaa, katikati ya wimbo likaingia tangazo la kubeti. Ukumbi mzima ukacheka. Dada alicheka pia, lakini mimi ni mdogo wake, namjua anavyocheka akiwa ameumia.

Saa mbili usiku umeme ukakatika. Jenereta la ukumbi lilikuwa la taa tu. Umeme uliporudi, spika moja ikawa imekufa, iliyobaki inakoroma. MC akawa anapiga kelele kwa mdomo mpaka sauti ikamkauka.

Sasa hapo ndipo bibi yetu alipoitwa kutoa nasaha. Bibi alikuwa ametoka kijijini huko Ikungi, safari hiyo alijiandaa kwa muda mrefu. Alishika maiki, ikalia kuii, akaisogeza mbali na mdomo. Akaongea karibu dakika kumi, alianza kwa Kinyaturu akamalizia kwa Kiswahili. Meza za mbele wakasikia nusu nusu. Sisi wa nyuma tuliona mdomo unacheza tu. Mtu wa video alikuwa amechukua sauti kutoka kwenye mashine ya DJ, kwa hiyo hata kwenye video ni mkoromo.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Tukiwa msibani dada akaniuliza, "Hivi siku ile Bibi aliniambia nini?" Tukaulizana pale. Mama alikumbuka kipande, shangazi akakumbuka kingine, havifanani. Mimi nilikaa kimya. Laki mbili na elfu thelathini nilizookoa sikumbuki hata zilinunua nini. Nadhani ziliongezwa kwenye vinywaji.

Sisemi hivi ili umlaumu yule kijana. Yeye alisema bei yake na akaleta alichonacho. Aliyenunua vibaya ni mimi.

NIKARUDI KWA DJ WA KWANZA

Baada ya hapo, siku moja yule DJ wa laki tatu na nusu alipita dukani kununua kitambaa cha mke wake. Nikampa kiti, nikamuomba radhi, nikamuuliza bila utani: kaka, ile hela inaenda wapi? Akacheka, akaomba karatasi. Akaniandikia hivi, kwa makadirio ya kazi moja ya hapa mjini au wilaya ya jirani:

- Kuchakaa kwa vifaa: seti yake ya spika, mashine ya kuchanganyia sauti, maiki na kompyuta anaipigia milioni 6. Anategemea impe kazi kama 200 ndani ya miaka 4 kabla hajabadilisha. Kila kazi inabeba elfu 30.
- Mafuta ya jenereta: elfu 30.
- Kirikuu ya kubeba vifaa kwenda na kurudi: elfu 40.
- Vijana wawili wa kubeba, kufunga nyaya na kulinda vifaa: elfu 40.
- Matengenezo, yaani waya uliokatika, betri za maiki, spika iliyoungua: elfu 15.

Jumla laki moja na elfu 55. Katika laki tatu na nusu anabaki na laki moja na elfu 95.

Nikasema, si haba, laki na tisini na tano kwa usiku mmoja! Akaniambia, "Dada, wewe unaona saa nne za muziki. Mimi siku hiyo napakia saa sita mchana, nafungua vifaa saa nane usiku. Hizo ni saa 14. Weka saa mbili za kikao na kamati na MC, weka saa nne za kutafuta na kupanga nyimbo za familia yenu. Saa 20." Gawanya mwenyewe: inakuja elfu 9 na mia 7 na hamsini kwa saa. Na hapo hajalipa chumba, hajalipa ada ya mtoto.

Halafu kuna kitu ambacho sisi watu wa Singida tunakijua lakini hatukiweki kwenye hesabu. Sherehe hapa zinafuata mavuno. Alizeti ikishavunwa na kuuzwa, kuanzia mwezi wa sita kwenda mbele, kadi za michango zinamwagika mpaka unazima simu. Mwezi wa kumi na mbili tena. Lakini Kwaresima na Ramadhani sherehe zinapungua sana, na masika watu wako shambani, hela zote ziko ardhini. Kwa hiyo hela ya Jumamosi moja ya mwezi wa saba inalisha na wiki kadhaa za mwezi wa tatu. Ukimwambia mtu huyo "ni usiku mmoja tu", umehesabu usiku wako wewe, siyo mwaka wake.

UNANUNUA NINI HASA UKIMLIPA DJ ANAYEIJUA KAZI

Nilifikiri ninanunua nyimbo. Nyimbo kila mtu anazo kwenye simu. Hivi ndivyo vitu unavyovinunua:

1. Sauti ya watu kusikika. Kwenye sherehe zetu sehemu kubwa ya muda siyo muziki, ni maneno. Utambulisho, nasaha za wazazi, shukrani, MC. DJ mzuri anakuja na maiki zaidi ya moja zisizo na waya, na anajua kumrekebishia sauti mzee anayeishika maiki mbali. Muziki mkubwa bila maiki nzuri hapo hujapata kitu.

2. Mpangilio. Kuingia wazazi, kuingia maharusi, kufungua shampeni, kukata keki, kulishana, zawadi, chakula, kufungua muziki. Kila kipengele kina wimbo wake na wakati wake, na MC akisema neno, wimbo unatakiwa uwe tayari. Kimya cha dakika mbili pale mbele kinaonekana kama nusu saa.

3. Kuijua familia. Kuna harusi ya walokole, ukipiga Bongo Fleva umeharibu. Kuna familia ya Kiislamu inataka kaswida kwanza. Kuna wazee wanasubiri zilipendwa na vijana wanasubiri singeli. DJ anayeijua kazi anauliza kabla, na anaulizia hata nyimbo ambazo hamtaki kuzisikia.

4. Akiba. Nyimbo ziko ndani ya kompyuta, hategemei bando. Ana nakala nyingine kwenye flashi. Ana jenereta au amethibitisha jenereta la ukumbi linabeba spika, siyo taa tu. Ana waya wa ziada. Hii akiba ndiyo inayopandisha bei, na siku mambo yakienda vizuri huioni kabisa.

Ukipiga hesabu kwa mgeni mmoja mmoja, laki tatu na nusu kwa wageni 250 ni shilingi 1,400 kwa kila mtu. Katika bajeti yetu ya milioni 8 haikufika hata asilimia 5. Tulitumia nguvu nyingi kubana asilimia 5 ambayo kila aliyekuwa ukumbini aliisikia.

JE, LAZIMA ULIPE DJ WA BEI?

Hapana, nisiwadanganye. Kama ni sherehe ya watu 40 nyumbani, kodi spika moja nzuri na maiki mbili, mpe mpwa wako asiyekunywa pombe asimamie, mpange orodha ya nyimbo na mzipakue kabla. Inatosha kabisa. Hela iliyobaki wape maharusi wakaanzie maisha.

Lakini kama wageni ni wengi, kama kuna wazee wanaotakiwa kusikika, kama kuna video, na kama eneo umeme wake hauaminiki, usibane hapo. Bana kwenye kitu ambacho kikipungua sherehe inaendelea. Maua ya mezani yakipungua hakuna atakayeuliza.

MASWALI YA KUMUULIZA KABLA YA KUTOA ADVANSI

- Ni wewe mwenyewe utakuja au unamtuma mtu? Wapo wenye jina wanaopokea kazi tatu Jumamosi moja.
- Maiki ngapi, na ngapi hazina waya?
- Umeme ukikatika inakuwaje? Akijibu "hautakatika", ondoka.
- Nyimbo ziko kwenye mashine au unazivuta mtandaoni?
- Unafika saa ngapi na unajaribu sauti saa ngapi? Sauti ijaribiwe kabla mgeni wa kwanza hajakaa.
- Bei inabeba usafiri? Kama sherehe iko Manyoni au Kiomboi, nani analipa mafuta na malazi?
- Saa za ziada ni shilingi ngapi? Liseme mapema, siyo saa sita usiku mnabishana na baba mdogo.
- Amesajiliwa BASATA? Hilo ndilo baraza la watu wa sanaa na burudani. Mtu aliyejisajili ameonyesha kwamba hii ni kazi yake.

Na usiridhike na vipande vya video alivyoweka mtandaoni, video inaweza kuwa ya mtu mwingine. Omba namba za familia mbili alizowafanyia, wapigie. Bora zaidi, muulize MC. MC ndiye anayeteseka DJ akiwa kimeo, hawezi kukuficha.

Malipo: usimalizie yote kabla. Toa nusu siku ya kushika tarehe, iliyobaki akishafunga vifaa na mmesikia maiki inafanya kazi. Andikeni karatasi moja, hata kwa mkono: tarehe, ukumbi, saa ya kufika, vifaa vilivyokubaliwa, bei, na nini kitatokea upande mmoja ukiahirisha. Wote mtie sahihi. Ukituma kwa simu, tunza ujumbe wa muamala.

SASA TURUDI KWETU SISI TUNAOUZA MTANDAONI

Wiki ileile niliyomwambia DJ "kubonyeza nyimbo tu", mteja mmoja aliniandikia inboksi: "Dada, kitenge ni kitenge, mbona huko fulani ni bei ya chini?" Nilikasirika siku nzima. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kumwambia mtu mwingine vilevile. Hapo ndipo nikabadilisha mambo kadhaa dukani kwangu:

Moja. Eleza tatizo unalomuondolea mteja. Usimlalamikie gharama zako. Mteja hajali kwamba umelipia nauli ya mzigo. Anajali kwamba sare za watu 30 zitatoka rangi moja, na kwamba ukipungukiwa mita mbili utazipata. Zamani nilikuwa naandika "kitenge kizuri bei poa". Siku hizi naandika: "Sare za kamati, rangi moja kwa wote, nakutunzia mita za akiba mpaka siku ya sherehe." Yule DJ naye angeniambia tangu mwanzo "bibi yako atasikika mpaka meza ya mwisho", pengine ningemsikiliza.

Mbili. Ukipunguza bei, punguza na kitu. Rudi juu uone alichonijibu: naweza kushuka, ila tunatoa taa. Hakushusha bei bure. Ukishusha bei bure mteja anajua ile ya kwanza ilikuwa ya kumuibia. Kuwa na ngazi tatu: ndogo, ya kati, kubwa, na kila moja ieleweke ina nini ndani.

Tatu. Hesabu muda wako. Kaa na karatasi kama yeye alivyokaa. Kujibu inboksi usiku, kupiga picha, kufunga mzigo, kwenda stendi kuupakia kwenye basi. Kama baada ya yote unabaki na buku kwa saa, hiyo bei siyo ya ushindani, unajitolea.

Nne. Hesabu mwaka mzima, siyo mwezi mzuri. Kama mauzo yako yanapanda baada ya mavuno, sehemu ya faida ya mwezi wa saba ni chakula cha mwezi wa tatu. Iweke pembeni kabla hujaiita faida.

Tano. Chukua advansi kwa oda maalumu na uandike masharti yake. Kama unaona aibu kuomba advansi, kumbuka DJ haweki tarehe bila hiyo. Mteja makini haogopi, anachoogopa ni kutojua itakuwaje ukishindwa. Mwandikie.

Sita. Usidharau kazi ndogo ya mwenzako. Joseph Kusaga alianza na disko la Mawingu, spika na santuri, kabla hajaanzisha Clouds FM, na leo redio hiyo inasikika nchi nzima. Hata jina la redio limetokana na yale mawingu ya disko. Wapo waliowahi kuona ni mtu wa kupiga nyimbo tu.

MWISHO

Mwaka huu binamu yetu alioa. Kamati iliponiuliza kuhusu muziki nikasema tunamchukua yule wa laki tatu na nusu, na siku hiyo imeshafika laki nne. Mjumbe mmoja akaguna. Nikamwambia mjomba, hii nusu yake nitatoa mimi kama mchango wangu. Nikatoa.

Siku ya sherehe umeme ulikatika saa tatu kasoro. Jenereta lilishaandaliwa, wakaliwasha, tukakaa gizani dakika chache, kisha ikaendelea pale pale tulipoishia. Halafu akaitwa babu mzaa baba, mzee wa miaka themanini na kitu, sauti yake ndogo. DJ mwenyewe alitoka kwenye mashine, akaenda akamshikia maiki karibu na kidevu mpaka akamaliza. Nilikuwa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango. Nilisikia kila neno. Dada yangu alikuwa pembeni yangu, amewasha simu anarekodi, na hakuishusha mpaka mzee aliporudi kukaa.

Wewe umewahi kubana wapi ukaja kujuta? Au umewahi kulipa bei kubwa ukaona haikustahili? Andika hapo chini tujifunze, hata kama ni habari ya mpambaji au ya keki. Na kama kuna mtu yuko kwenye kamati sasa hivi, mtumie hii kabla hajatoa advansi.